Rais Niliyempunguza Migosi

Kwa muda wa siku kumi, tangu Jumatano tarehe 17 Januari 1990 hadi Jumamosi tarehe 27 ya mwezi huohuo, orodha ya marais wa nchi ya Chile ilipungukiwa mtu mmoja. Aliyempunguza ni mimi. Sikutumia bunduki wala kura. Nilitumia taipureta, mezani kwangu Migosi, mjini Kisumu, nikiwa na hakika kamili kwamba ninasahihisha.

Ili nieleweke, sharti nianze na shule. Nilizaliwa Asembo, kando ya ziwa, mwaka 1952. Kaka zangu walipelekwa shule, mimi nikapelekwa kisimani. Nikaolewa Awasi, na mtu aliyekuwa karani wa stoo bandarini Kisumu. Alikuwa na mwandiko ulionyooka kama safu za mahindi, na hakuweza kuvumilia mke wake kutia kidole gumba kwenye wino. Ni yeye aliyeniandikisha darasa la gumbaru, la kusomesha watu wazima, Jumatatu tarehe 3 Machi 1980, nikiwa na binti wawili, mdogo bado mgongoni. Mwezi wa Novemba 1983 nilifanya mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Nilikaa chumba kimoja na wasichana walioniita Mama na kuniomba ufutio. Nilifaulu. Mume wangu aliyasoma matokeo yangu akiwa amesimama, kama mtu anayesoma Injili. Alifariki Jumamosi tarehe 14 Aprili 1984, kwa ugonjwa wa ini.

Ukoo uliniacha niomboleze mwaka mzima, jinsi inavyotakiwa. Kisha wakaniita Awasi na kunijulisha kwamba shemeji yangu, mdogo wa marehemu, ndiye atakayenirithi. Hiyo ndiyo desturi yetu, wala sikuitukana. Niliwaambia tu kwamba mume wangu aliniachia kitu cha kunitunza, nacho ni kusoma na kuandika, na kwamba nilitaka nikijaribu kwanza, nijifunze kupiga taipureta mjini. Wazee walinong'onezana kwa muda mrefu. Mwishowe wakaamua hivi: maadamu najitegemea mimi na watoto wangu, nisisumbuliwe; nikishindwa, nitarudi Awasi na kuingia nyumba ya shemeji bila neno.

Shemeji yangu, mtu wa maneno machache yenye pilipili, alinisindikiza hadi barabarani.

"Haya, Nyar Asembo," akasema, kwa maana huko nilikoolewa naitwa binti wa Asembo hadi leo. "Kaa na mashine yako huko mjini. Siku itakapokushinda, njia ya Awasi unaijua, si lazima uulize mtu."

Nilijifunza kupiga chapa mwaka 1985, nikapata cheti mwaka 1986, nikapanga nyumba ya vyumba viwili Migosi. Kwa miaka mitatu nilipiga chapa katika kibanda cha mtu karibu na soko: barua za kuomba kazi, malalamiko ya mipaka ya shamba, na taratibu za mazishi, ambazo kwetu hazikosekani wiki hata moja. Agosti 1989 mwenye kibanda alikiuza, na aliyekinunua alitaka kuuza viatu. Nilibaki na taipureta kuukuu, watoto wawili wa shule, na habari ambayo kwa bahati nzuri ilikuwa bado haijafika Awasi.

Hapo ndipo alipoingia mama Mchile, aliyekuwa akitafuta mpigachapa.

Mumewe alikuwa mhandisi wa mashine za kusaga unga wa samaki. Siku hizo samaki wakubwa aina ya mbuta walikuwa wamejaa ziwani, na viwanda vilichukua mnofu na kuacha vichwa na mifupa, milima ya vichwa na mifupa, ambayo wanawake wa mtaa wa Obunga waliikaanga na kuiuza. Mradi mmoja wa uvuvi ulimleta mhandisi huyo aonyeshe jinsi masalio yanavyoweza kusagwa kuwa chakula cha kuku. Mkewe alikuwa amefundisha historia kwao kabla wanajeshi hawajatwaa serikali na kuwafanya wao wawili watu wa kuhamahama. Walikuwa wamekaa nchi nne kabla ya Kenya. Popote alipokwenda alibeba visanduku viwili vya mbao vilivyojaa kadi, na katika kadi hizo aliandika habari za marais wote wa nchi yake na familia zao: mke, watoto, wakwe, nani alimwoa binti ya nani.

Nilianza kazi kwake Jumanne tarehe 5 Septemba 1989, kwenye veranda ya nyumba yao huko Milimani. Tulisemezana kwa Kiingereza chake na changu, na kwa Kiswahili alichookota sokoni. Kazi yangu ilikuwa kuzipanga kadi na kuzipiga chapa ziwe orodha moja safi, kila rais na nambari yake, na chini yake jamaa zake. Kadi ziliandikwa kwa lugha yao, lakini karibu zote zilikuwa majina na miaka. Alinifundisha maneno kumi yaliyobaki: mke, mjane, mtoto, alitawala, alifariki, na mengine ya namna hiyo.

"Kwetu kila mtu ana majina mawili ya ukoo," alinieleza siku ya kwanza. "La kwanza la baba, la pili la mama. Na mwanamke akiolewa habadilishi chochote."

Nilisema nimeelewa. Nilikuwa nimeelewa nusu.

Katika mwezi wa pili wa kazi niliona kwamba, kwa mujibu wa kadi, rais mmoja aliapishwa miezi mitatu kabla ya mtangulizi wake kuondoka. Nilimwonyesha. Akatazama daftari zake, akakuta mwezi aliuandika vibaya. Wiki iliyofuata nikapata jingine. Mimi tarehe haziponyoki mkononi mwangu. Nadhani ni kwa sababu nilizipata ukubwani, kama mtu aliyepata ng'ombe wake wa kwanza akiwa na mvi.

"Una macho mazuri sana, Mama," akaniambia. "Ukiona kosa, usiningoje. Rekebisha."

Sentensi hiyo niliikumbatia kuliko cheti changu.

Mwisho wa mwaka wakapata habari kwamba mwezi wa Machi nchi yao itampokea rais aliyechaguliwa na raia, na wanajeshi watarudi kambini. Mama Mchile akaamua kurudi nyumbani mapema kuliko mumewe, awahi siku hiyo, na aende na orodha yake. Ndege yake ilikuwa Jumamosi tarehe 3 Februari 1990. Kabla ya hapo ilimbidi akae Nairobi karibu wiki mbili kushughulikia hati za safari. Aliponiaga, Jumatatu tarehe 15 Januari, alinikabidhi visanduku vyote viwili.

"Nikirudi nikute orodha imekamilika," alisema. "Mradi wa mume wangu unatafuta mpigachapa wa kudumu. Barua ya kukupendekeza nitaiandika mimi, nikiiona kazi yote."

Kazi ya kudumu. Nilibeba visanduku vile hadi Migosi mikononi, sikukubali kumpa mtu anisaidie.

Siku iliyofuata mama mkwe wangu alifika kutoka Awasi. Alikuwa na siku ya kuonwa macho hospitalini, akalala kwangu siku mbili. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, ambaye hakuwahi kuniambia waziwazi kama yuko upande wangu au upande wa mwanawe. Nilikuwa nimezitandaza kadi sakafuni juu ya mkeka, naye akaketi ukingoni na kunyoosha miguu.

"Hawa wote ni watu wa nani?" akauliza kwa Dholuo.

"Ni marais wa nchi moja ya mbali, Mama. Na wake zao na watoto wao."

"Wamekufa?"

"Wengi wao."

Akaikunja miguu yake isiwaguse.

Kwa kuwa macho yake hayakumruhusu kufanya jingine, alinitaka nimsomee. Mama mkwe wangu hakujua kusoma hata herufi moja, lakini ukoo aliusoma kama mtu anayesoma njia ya kwao. Nilimsomea kuhusu mke wa rais mmoja ambaye, kabla ya kuolewa, alikuwa tayari binti ya rais. Akatikisa kichwa kwa kuridhika; mali hufuata mali. Nikaendelea kusoma, naye akanisimamisha kwa mkono.

"Rudia hapo. Mama wa huyu bwana ni nani?"

Nikarudia.

"Kwa hiyo mama yake huyu bwana ni dada ya baba yake huyu mke."

"Ndivyo ilivyo."

"Amemwoa binti ya mjomba wake."

"Ndiyo, Mama."

"Na wazee walikuwa wapi?"

"Labda walikuwa kwenye karamu."

Aliwahurumia. "Ndiyo maana wakaenda kukaa mbali hivyo," akasema.

Kwetu damu ya mjomba ni damu yako, na kijana akitaja tu jambo hilo atapelekwa kufanyiwa kafara. Hata hivyo sikugusa kadi ile. Dhambi ya mtu si kosa la chapa, na mimi niliajiriwa kwa ajili ya makosa ya chapa.

Jumatano tarehe 17, baada ya chai ya asubuhi, nikafika kwenye kadi mbili zilizonifanya nisimame.

Ya kwanza ilikuwa ya rais wa karne iliyopita. Ilikuwa na jina lake, majina yake mawili ya ukoo, mkewe, na watoto. Miongoni mwa watoto palikuwa na jina lilelile la baba. Kadi ya pili ilikuwa ya rais aliyetawala zaidi ya miaka ishirini baadaye. Jina la kwanza lilikuwa lilelile, na jina la kwanza la ukoo lilikuwa lilelile. Jina la pili la ukoo lilitofautiana: lilikuwa ni la ukoo wa mke aliyetajwa katika kadi ya kwanza. Mke wa kadi ya pili alikuwa mwingine kabisa.

Nilimsomea mama mkwe.

"Mtu amemwita mwanawe kwa jina lake mwenyewe?" akauliza.

"Ndivyo kadi inavyosema."

"Naye yu hai."

"Yu hai. Ndiye rais."

Alicheka kwa sauti ya chini, kama anayecheka kanisani. "Nyar Asembo. Jina hutoka kwa aliyekufa. Anakuja ndotoni, anamdai mtoto. Sasa huyu alikujaje ndotoni kwa mkewe, naye amelala hapo kando akikoroma?"

Katika ukoo wangu wote, Asembo na Awasi, sikumjua mtu hata mmoja aliyempa mwanawe jina lake mwenyewe akiwa bado anatembea. Lingekuwa sawa na kujichimbia kaburi na kulifagia. Kwa hiyo nikaona jambo lenyewe ni wazi: yule mtoto kwenye kadi ya kwanza hakuwapo. Mama Mchile, akinakili kwa haraka katika nchi mojawapo ya zile nne, alikuwa amerudia jina la baba miongoni mwa watoto. Na zile kadi mbili zilikuwa za mtu mmoja, aliyetawala, akapumzika, akatawala tena.

"Na hili jina la pili lililobadilika?" nilijiuliza kwa sauti.

"Si umesema ni la kwao mke?"

"Ndiyo. Yaani baadaye alijiita kwa ukoo wa wakwe zake."

"Basi huyo alilishwa kitu na mkewe," akasema mama mkwe.

Tulicheka sote. Kisha nikafanya kazi. Kadi zilitaja miaka miwili tofauti ya kufariki. Nikauondoa wa kwanza, kwa kuwa aliyekwisha kufa hawezi kuapishwa. Mke wa kadi ya kwanza nikamwandika nyumba ya kwanza, na mke wa kadi ya pili nyumba ya pili, kila mmoja na watoto wake chini yake, kama inavyofanywa katika boma lolote lenye heshima. Nikabadilisha nambari za marais wote waliofuata. Mama mkwe aliporudi Awasi Alhamisi ile, nilimsindikiza nikiwa mwepesi. Nilikuwa nimemwokoa mwajiri wangu na fedheha mbele ya taifa lake.

Jumamosi tarehe 27 Januari, saa nne asubuhi, nikampelekea kurasa arobaini na moja.

Aliketi kwenye veranda, akavaa miwani, akasoma. Nilisimama. Alisoma vizuri, akigeuza kurasa bila haraka, na mara mbili akasema, "Safi." Kisha akafika ukurasa wa kumi na nane na mkono wake ukatulia.

"Mama," akasema, "huyu ana wake wawili."

"Ndiyo."

"Kwa wakati mmoja?"

"Kadi haikusema mmoja alifariki lini. Sikutaka kubuni."

Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mwanawe yuko wapi?"

"Mwana yupi?"

"Rais. Mwanawe aliyekuwa rais."

Nikamweleza. Nilieleza kwa utaratibu, kama nilivyojifunza kutoa jibu darasani: jina lililorudiwa, mwaka wa kifo usiowezekana, mtu mmoja aliyegawanywa kwa makosa katika kadi mbili. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaweka kidole juu ya jina la pili la ukoo.

"Hili ni la nani?"

"La mkewe."

"La mama yake," akasema polepole. "Nilikuambia siku ya kwanza. La kwanza la baba, la pili la mama. Mke wa kadi hii ndiye mama wa mtu wa kadi hii. Huyu ni baba, huyu ni mwana."

"Akaitwa jina la baba yake, baba akiwa hai?"

"Hata mimi naitwa jina la mama yangu. Yu hai. Ndiye atakayenipokea uwanja wa ndege."

Katika maisha yangu sijaona aibu iliyokuja ikiwa imevaa nguo safi kama ile. Kama kosa lingekuwa desturi yangu kupambana na yao tu, ningeweza kujitetea. Lakini ushahidi ulikuwa umechapwa kwa mikono yangu mwenyewe, herufi kwa herufi, na nilikuwa nimeupita nikicheka. Mimi ninayejivunia macho.

"Uliniambia nikiona kosa nirekebishe," nilisema, na papo hapo nikachukia sauti niliyoitumia.

"Nilisema hivyo," akajibu. "Kosa langu ni hilo." Akaziweka kurasa mezani. "Nambari zote baada ya hapa ni mbaya. Na dada yake huyu mwana, yule aliyekuwa binti ya rais, dada ya rais na mke wa rais, umemnyang'anya kaka. Naondoka Jumamosi ijayo. Siwezi kuandika ile barua kwa orodha kama hii, Mama. Unaelewa."

Nilielewa. Niliiona njia ya Awasi, hatua kwa hatua, hadi mlangoni kwa shemeji.

"Leo ni Jumamosi," nikasema. "Alhamisi jioni utaipata upya, yote."

"Kurasa ishirini na nne, na nakala zake?"

"Ishirini na nne. Na zile kumi na saba za mwanzo nitazikagua tena."

Akachukua ukurasa wa kumi na nane. "Huu nitauweka. Baba yangu atacheka sana."

"Hapana," nikasema. "Nirudishie huo pia."

Alidhani natania. Nilinyoosha mkono hadi akanipa. Nilikuwa tayari kukosa kazi, lakini sikuwa tayari kuwa kichekesho cha mzee nisiyemjua, ng'ambo ya bahari.

Jumapili sikuenda kanisani. Kabla ya kugusa taipureta nilizitandaza kadi upya, na safari hii nikaanza na majina ya pili. Nilichukua kila mtu, nikamtafutia mama yake. Ilikuwa kazi ya kushangaza. Kwetu mama akizaa huwa mama wa fulani, na baada ya vizazi viwili hakuna anayejua ukoo wake ulikuwa upi; mimi mwenyewe jina la bibi mzaa bibi yangu silijui. Kumbe hapa wanawake walikuwapo wote. Kila rais alibeba ukoo wa mama yake nyuma ya ule wa baba, akaapishwa nao, akazikwa nao. Ukimshika mama, unawapata ndugu, unawapata wakwe, unapata ni kwa nini huyu alimfuata yule. Familia zilizoonekana kumi zikawa nne au tano. Niliona nchi ile jinsi ambavyo huenda mama mkwe wangu angeiona, kama angepewa ufunguo huo mmoja.

Na kwa ufunguo huohuo, Jumanne tarehe 30, nikakuta kitu. Katika kadi ya rais mmoja wa karne hii, kijana mmoja aliwekwa chini ya mke wa pili, lakini jina lake la pili lilikuwa la ukoo wa mke wa kwanza, aliyefariki.

Vidole vilitaka kumhamisha. Nikaondoa mikono mezani, nikachukua penseli na kipande cha karatasi, nikaandika: "Huyu, kwa jina lake la pili, anaonekana kuwa mwana wa mke wa kwanza. Sikugusa. Tafadhali tazama." Nikakibana kwenye ukurasa kwa pini.

Alhamisi tarehe 1 Februari, saa kumi na moja jioni, nikafika Milimani. Masanduku yake ya safari yalikuwa sebuleni yamefungwa kwa kamba. Alianza kusoma ukurasa wa kumi na nane, akaukuta una baba peke yake na mke mmoja. Akaenda ukurasa wa ishirini na mbili, akamkuta mwana. Alipofikia kile kipande cha karatasi alikisoma mara mbili, akaenda kufungua sanduku moja lililokwisha kufungwa, akatoa daftari, na akarudi kuketi kwenye sakafu ya veranda kama msichana, daftari mapajani.

"Ni kweli," akasema. "Miaka tisa nimembebesha mama asiye wake."

Barua aliiandika palepale, nikaipiga chapa mimi mwenyewe, kwa hiyo niliisoma kabla haijatiwa saini. Ilinisifu kwa mambo manne. Kisha ikasema kwamba katika kazi hii nilifanya kosa moja kubwa, la kumwunganisha baba na mwana kuwa mtu mmoja kwa kuwa walikuwa na jina moja, na kwamba nililikubali saa ileile na kulirekebisha kwa siku tano.

Niliacha kupiga chapa.

"Sentensi hii," nikasema. "Hawa watu hawanijui. Wataanza na hii."

"Labda."

"Ni lazima iwepo?"

"Wewe ungeandika barua isiyo na tarehe, Mama?"

Sikuona uhusiano, na sijauona vizuri hadi leo, lakini alikuwa amekwisha kugeuka na kuendelea kufunga vyombo. Nilimaliza kuipiga chapa kama ilivyo. Alitia saini. Tuliagana kwa mikono miwili.

Jumatano tarehe 7 Februari nikaenda ofisi ya mradi. Mkuu wa ofisi alikuwa Mluhya mmoja mnene, mzee wa kanisa, mwenye tai iliyofika nusu ya tumbo. Aliisoma barua taratibu. Nilijua amefika kwenye sentensi ile kwa sababu aliinua nyusi.

"Hebu Mama," akasema, "hii ya baba na mwana ni nini?"

Nikamweleza kwa ufupi, bila kujipamba wala kujitetea. Nilipofika mahali pa jina la mtu aliye hai, aliiweka barua mezani.

"Ngoja. Baba ndiye amempa?"

"Baba ndiye amempa."

"Akiwa mzima kabisa."

"Rais wa nchi."

"Mimi baba yangu ana miaka themanini na mitatu," akasema, "na nina watoto sita, na hakuna anayeitwa kwa jina lake. Nikithubutu, ataniuliza kama jeneza pia nimeshanunua." Akacheka hadi tai ikatikisika. "Hata mimi ningemfuta. Mama yule ameliita hili kosa kubwa?"

"Ni kosa kubwa, Bwana," nikasema. "Ushahidi ulikuwapo. Sikuutazama."

Hapo aliacha kucheka, akanitazama kwa namna nyingine, na akaniuliza naweza kupiga maneno mangapi kwa dakika. Nilianza kazi Alhamisi tarehe 1 Machi 1990.

Jumapili iliyofuata, tarehe 4, nikaenda Awasi na barua yangu ya kuajiriwa. Niliisoma mbele ya wazee wawili waliokuwa hai bado, mama mkwe, na shemeji, kwa Dholuo, nikitafsiri kila mstari, pamoja na mstari unaosema kazi ni ya kudumu. Mama mkwe, ambaye bado macho yake yalikuwa yanatoa maji, aliuliza swali moja tu.

"Yule aliyelishwa kitu, ulimwacha?"

"Tulimwonea, Mama. Walikuwa wawili."

"Wawili," akarudia, akifikiri. "Basi mmoja wao alikufa mapema."

"Baba ndiye aliyetangulia. Mwana alifariki akiwa bado rais."

"Mnaona," akasema kwa wazee, kana kwamba kesi imekwisha, na kuhusu majina huenda kwake ilikuwa imekwisha. Kisha akamgeukia mwanawe. "Na wewe acha kumtazama mke wa kaka yako. Ana ofisi."

Shemeji alikuwa anakula. Alimaliza tonge lake. "Sijasema kitu," akajibu. "Mashine ni chuma. Chuma huchakaa. Nitauliza tena mwakani."

Aliuliza kweli, mwaka 1991, na mwaka 1992, kila mara kwenye Krismasi, kila mara kwa sauti ya mzaha ambayo haikuwa mzaha mtupu. Nilimjibu kila mara, "Bado." Jumatatu tarehe 27 Desemba 1993 alifika Migosi bila kuarifu, amevaa koti, akifuatana na binti yake wa kwanza, aliyekuwa amemaliza kidato cha nne na hakuwa na pa kwenda. Alikunywa chai vikombe viwili kabla ya kusema neno.

"Nyar Asembo," akasema, "huyu ana vidole vyepesi. Nimeona heri akae kwako, umfundishe."

Nilimwambia binti avute kiti karibu na meza, nikamwonyesha mahali pa kuweka vidole.